Kinyozi Ananyoa Jina

Pavia, nyuma ya daraja lenye paa,
Ermete Lombardi hufungua duka saa mbili kamili,
hunoa wembe kwa mkanda wa ngozi uliomzidi umri.
Leo kaketi kijana wa chuo, shavu laini kama yai:
"Mzee, hili jina lako lina maana gani?"

Ermete hajibu upesi. Povu kwanza.

"Ndevu," asema. "Ndevu ndefu.
Walitoka kaskazini, kwenye baridi ya mto Elbe,
wachache mbele ya adui wengi.
Wanawake wakafungua nywele, wakazifunga chini ya kidevu,
wakasimama na waume zao kulipokucha.
Mungu wao akachungulia dirishani, tongotongo machoni:
*Hawa wenye madevu ni akina nani?*
Basi. Ukimpa mtu jina, mpe na tunu.
Wakapewa ushindi.

Wengine husema si ndevu, ni mashoka.
Wengine, ni nyika tu kando ya mto.
Mimi ni kinyozi. Nachagua ndevu."

Wembe unashuka taratibu.

"Walikuja huku na jina refu, Langobardi,
likalowa midomoni mwa wenyeji,
na kila karne ikalipitishia wembe:
g ikaanguka, o ikaifuata,
n ilipokutana na b ikafumba midomo, ikawa m.
Hakuna aliyefagia.
Lombardo. Na mama yangu, akiwa na haraka: Lumbàrd.

Paris likashika mizani:
lombard akawa mkopeshaji wa rehani,
pete ya bibi ikilala kwake haiamki bila riba.
Binti yangu yuko Madrid. Kila Krismasi huniandikia:
*Baba, tumekuchemsha tena, kwa tufaha na siki.*
Huko lombarda ni kabichi ya zambarau."

Kijana anacheka. Wembe unamngoja.

Lililobaki Ermete halisemi:
kwamba Nives, usiku wa harusi yao,
alizivuta nywele mbele, akazifunga kidevuni,
akasimama dirishani: "Haya, nipe ushindi."
Zilimfika kiunoni.
Na Machi ile, kabla dawa hazijazimaliza,
alimtaka azinyoe yeye, si mwingine,
kwenye kiti hiki hiki.

Alifagia kila unywele.

"Ni ndevu tu," anarudia,
akimpangusa kijana shingo kwa taulo ya moto.
"Yuro kumi na mbili."