Arubaini na Moja

Kompyuta ilikuja kutoka Mombasa ndani ya gunia la mchele,
mtumba, bawaba moja imelegea,
Windows yake ikihema kama punda aliyebebeshwa mawe
kwenye vichochoro vya Mkomani.
Nikaifuta. Nikaweka Linuksi usiku mmoja,
stima ikikatika mara mbili,
na asubuhi ikaamka nyepesi, ikaniuliza jina.

Mchezo ni wa malori. Aliuchagua Bunu,
kaka yangu, mlinzi wa duka la dhahabu huko Doha:
lori moja, watu wawili, mmoja usukani, mmoja ramani,
na theluji, theluji, theluji,
sisi ambao theluji tunayoijua
ni ile ya kukwangua kwenye friza ya Bi Zuena.
Haukuandikiwa Linuksi. Sharti upitie kwa mkalimani,
programu iitwayo Waini,
nami, mjinga, nikapaza sauti toka chumba cha juu:
"Waini imeingia! Inafanya kazi!"
Chini, kimya. Kisha bakora ngazini, kidato kwa kidato.
"Ndani ya nyumba hii? Mwezi wa Rajabu?"
Nilimweleza nusu saa. Alinusa kibodi.
Akakubali shingo upande, akasema
kuanzia leo iite Sharubati.
Tumeiita Sharubati.

Kuta zetu ni matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa,
kazi ya watu waliojua kwamba adui huja kwa miguu.
Zinazuia wifi kuliko chochote nilichowahi kusanidi;
waya nimeupitisha kwenye kidaka, nyuma ya bakuli la buluu.
Lakini siku niliyolifungulia lori mlango
nilitazama daftari la mashine, damu ikanisimama:
hodi elfu nne kwa usiku mmoja.
Mlango wa 22, wa 23, wa 80,
wanashika kitasa, wanasukuma.
Adabu ni hodi tatu, ukikosa jibu urudi.
Hawa hawakulelewa.

Basi nikajenga kama ilivyojengwa nyumba:
mgeni akomee dakani,
anayejulikana avuke tekani,
na ndani, penye zidaka, asifike mtu ila wa kwetu.
Kanuni ya mwisho niliiandika kwa kiburi:
yeyote mwingine, usimjibu.
Usimwambie hatupo. Usimwambie ondoka.
Akibisha, abishie hewa.
Nikalala usingizi wa mwenye komeo.

Asubuhi, chai ya tangawizi mkononi,
nilisoma daftari kama mtu anayehesabu maiti za adui.
Imeangushwa. Imeangushwa. Imeangushwa.
Halafu anwani moja, ileile, mlango wa 27016,
saa nane na dakika tatu. Nane na nne. Nane na nne tena.
Tisa. Tisa na robo.
Nikafuata mistari kwa kidole kama mtoto wa chuoni na juzuu yake:
arubaini na moja.

Zamu yake huisha saa saba na nusu.
Alikuwa amevua buti, kitanda cha juu, wenzake saba wakikoroma,
mashine mapajani, akibisha kwao,
na nyumba, kwa amri yangu, ikanyamaza.
Haikumkataa. Kukataa kungekuwa jibu.

Sikumpigia simu. Ningesema nini?
Niliandika mstari mmoja, juu ya ile kanuni yangu ya kiburi,
maana mashine husoma kuanzia juu, kama sisi na barua:
huyu, mlango huu, saa yoyote, apite.
Na pembeni, baada ya kile kialama kama kipande cha wavu,
pale ambapo mashine haisomi:
# tumbo moja

Usiku wa pili, saa nane, taa za lori ziliwaka.
Hakuuliza. Alisema, "Shika ramani. Mbele kuna daraja."
Kutoka chini, Bi Zuena: "Sharubati imekubali?"
Imekubali.
"Muulize kama amekula."
Bibi, anaendesha.
"Muulize."