Kipara cha Tatu

Mara ya tatu kwa miaka miwili
Eilert Nygårdsvoll ananiletea gari lake gereji,
jeupe, kimya kama friji isiyo na kitu ndani.
Napiga jeki. Nayasoma magurudumu.
Tairi halijui kuficha siri ya mguu.
Nachukua sarafu ya krone moja, ile yenye tundu katikati,
naisimamisha kwenye kashata za tairi la nyuma:
haizami. Imesimama kama mtu
aliyeingia bahari ya kina cha kifundo.

"Kilomita elfu kumi na nne tu, Gunnvor!
Dizeli ya baba ilikaa na seti moja miaka sita."

La baba yako lilikuwa na mdomo, namwambia.
Ukilikanyaga, lilikushtaki kwa mtaa mzima, ukaona haya.
Hili lina betri yenye uzito wa ng'ombe,
na huruka kabla kidole cha mguu hakijamaliza wazo lake,
wala halikusuti.
Anayelipa ni mpira.

Kisha yale ambayo watu huitikia, wakayasahau mlangoni:
pima upepo, maana baridi ya Bodø huunyonya usiku kucha;
ya mbele yaende nyuma kila kilomita elfu kumi;
na ukingo huu wa ndani, tazama ulivyoliwa,
magurudumu yamekosana, tutayapatanisha.
Na mguu, Eilert.
Mguu.

Akakuna shavu.
"Ni Sindre, mjukuu wangu. Ninaye Jumamosi moja kati ya mbili.
Pale kwenye taa za darajani, nikikanyaga,
kiti kikimmeza, hucheka hadi kofia imdondoke.
Mama yake anasema nyumbani hacheki tena."

Nikafuta sarafu kwenye ovaroli.
Chuo cha ufundi hakikunipa spana ya hilo.

"Basi hiyo moja ibaki," nikasema.
"Lakini za kwenda dukani, za kuyapita mabasi,
za Jumatatu, za hasira,
niachie hapa pamoja na haya mazee."

Akalipa. Taa ya barabarani ikageuka kijani,
naye akaondoka
kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto.

Jumamosi nilikuwa nakaza nati za gari la mtu mwingine
nikasikia, kutoka darajani, mpira ukilia juu ya lami.
Nikahesabu: moja.
Nikangoja ya pili, spana mkononi.
Upepo tu.