Herufi Iliyokwanguliwa

Kitabu kilifika Södertälje ndani ya mfuko wa unga,
kimeviringishwa shuka la mtoto,
kutoka mlima ambao nyumba zake sasa wanalala mbuzi.
Miaka arobaini kikakaa juu ya kabati la Sayde Hanne
pamoja na pasi mbovu.
Panya walipoonja Zaburi, ndipo akaniletea.

Mimi hushona vitabu. Napika gundi ya wanga,
nakwangua ukungu, sibishani na maandishi.
Chumba changu ki chini ya kanisa, ubavuni mwa tangi la maji moto,
na Novemba hapa jua huaga saa tisa mchana
kama mgeni aliyekuja kudai deni akalikosa.

Ukurasa wa thelathini na moja, sala juu ya mkate:
*Roho na aje.*
Lakini hilo *aje* lina jeraha.
Mtu alikwangua herufi ya mwanzo kwa kisu
akaweka nyingine, kwa wino mweusi kuliko wa jirani zake.
Nikainua taa. Chini ya nuni, tau.
*Nithe*, linasomeka. Liliandikwa *tithe*.
Aje, kama ajavyo mwanamume.
Aje, kama ajavyo mwanamke.
Maana katika Kisiria cha kale *ruho* lilikuwa neno la kike,
kama jicho, kama mkono, kama ardhi.

Kasisi Barsawmo akashuka ngazi na kikombe cha chai.
“Sarufi si itikadi,” akasema.
“Kwa Kiswidi mtoto na meza hukaa fungu moja,
na sijaona aliyemtandikia mtoto sahani mgongoni.”
Tukacheka. Sayde hakucheka.
Hajui kusoma; alikuja kuulizia panya.

“*Rahme*, mnaimba kila Jumapili.
Imetoka wapi? Si kwenye *rahmo*, tumbo la uzazi?
Mimi nimezaa saba. Wawili nimewaacha kule, chini ya mawe.
Usinifundishe, Abuna, rehema huanzia wapi.”

Kasisi akafuta miwani yake.
Akaifuta tena.

Usiku nikamwaza yule mwenye kisu.
Labda aliamriwa. Labda alichelea
watu wasije wakamdhania Mungu kuwa na mke.
Mkono ulimtetemeka: ncha imeparuza hadi mstari wa chini,
ikaligusa neno *mkate*.

Nikikusimulia haya kwa Kiswahili
ugomvi wote unaniteleza vidoleni.
*Aje*, nasema, na ile *a* haimkagui mtu mlangoni;
humpokea babu, mama mkwe, malaika, na mbwa akitaka.
Nilidhani nitafurahi.
Badala yake nikamwonea wivu mtu wa kisu,
ambaye herufi moja ilikuwa na uzito
wa kumnyima usingizi.
Ila rehema, hiyo imefika hata katika lugha hii,
imevuka na tumbo lake ndani,
nasi tunaitamka sokoni, tunaomba punguzo.

Matundu ya panya nimeyaziba yote kwa karatasi nyembamba.
Pale penye kisu sikuziba.
Ngozi hapo imekonda kama kope la mtoto aliyelala;
mwanga hupita.

Sayde alikuja kuchukua kitabu na mfuko wa duka la samani.
Nikamwambia kuna mahali pa kutazama.
Akakifungua kichwa chini, miguu juu,
akakielekeza dirishani, saa nane na nusu,
na nje theluji ya kwanza haijaamua kama ni theluji au mvua.
“Hapa,” akasema,
kidole chake kikiwa kwenye mstari mwingine kabisa.

Sikumsahihisha.