Dede

Anselmo alisimama dede akiwa na miaka mitatu.
Mama alisimulia hivyo kila mwaka, siku ya keki,
na kila mwaka alikuwa bado kamshika mkono.
Miaka thelathini na minne, mkono ule ule,
mpaka Juni ulipolegea, hospitalini,
upepo wa mto ukigonga madirisha ya Montevideo.
Nikaurithi
pamoja na birika na deni la gesi.

Tanuri la mikate lilitaka mkandaji. Yeye anajua kukanda.
Njia ndiyo hakuijua.

Nikabandika picha ukutani, saba:
saa, koti, funguo, kituo, basi la kijani,
sanamu ya farasi, mlango wa tanuri.
Wiki ya kwanza nilikaa ubavuni pake, nikitaja kila kitu.
Wiki ya nne nilikaa kiti cha nyuma, nimemeza ulimi.
Akashuka kabla ya farasi.
Nikashuka, nikainama, nikafunga kamba za kiatu
zilizokwisha kufungwa,
hadi alipogundua mwenyewe, akacheka, akatukana kidogo.

Nikabandua koti. Hakulitafuta.
Nikabandua saa. Akachelewa siku mbili; nikairudisha
bila neno,
kama mpishi aonjaye chumvi.

Agosti alikwenda peke yake.

Si kweli. Nilikuwa nyuma, ndani ya gari la jirani, Ibarburu,
kofia imenifika puani.
Penye farasi barabara imechimbwa. Basi likakata kona
likaingia njia isiyo na picha,
likamshusha mtaa asioujua.
Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa.
"Ngoja," alisema Ibarburu.
Nilingoja kama mtu aliye chini ya maji.

Anselmo akasimama kando ya shimo. Dede.
Akatazama kushoto. Akatazama viatu vyake.
Kisha akamwendea mchimbaji mmoja, akamgusa bega,
akauliza.

Kuuliza sikumfundisha.
Katika zile saba haimo picha ya mdomo.

Akaenda zake. Hakugeuka.

Jioni alirudi na unga masikioni,
akaweka mkate mezani, akasema,
"Gari la Ibarburu linatoa moshi mwingi."
Akapanda kiti, akabandua picha moja moja;
rangi ya ukuta ikatoka na gundi.
Akaacha ya funguo.

"Hiyo haijaisha kazi," nikasema.

"Yangu imeisha," akasema. "Hiyo ni yako.
Leo tena umeziacha mlangoni."