Mambo Kumi na Mawili

Nilisimama jikoni, mizani nikaileta,
Nikapima kwa makini, hata kamba na karata,
Mswaki wote wa nini? Mpini nikaukata,
Uzani wa mgongoni, mdai akufuata.

Hema langu la hariri, jepesi kama utando,
Jiko la gesi, tayari, kifuniko chake kando,
Kilo sita! Ni fahari ya mtu mjua mwendo,
Eldrid akaja na gari, na mzigo wa kishindo.

Kilo kumi na saba.
Kikaango cha chuma. Blanketi la sufu lenye tundu la nondo.
Na nje ya begi, zikining'inia kwa kamba zake,
buti za marehemu Arvid, kaka yangu,
namba arobaini na tano,
ngozi nene iliyonyweshwa mafuta kila vuli.
Wifi yangu huvaa thelathini na nane.

"Utazivaa?"
"Sizivai."
"Zina kilo mbili kasoro."
"Najua."

Nilitaka kumwambia habari za buti:
kwamba hazichaguliwi kwa macho,
hujaribiwa jioni, mguu ukiwa umevimba,
ndani ya soksi zilezile za safari,
na ukishuka ngazi kidole kisiguse mbele;
kwamba buti ya mtu imekwisha jifunza mguu wake
na haifundishiki tena.
Nikanyamaza.
Hilo la mwisho alilijua kunishinda.

Treni ikatushusha Finse, tukaingia nyikani.
Mimi mbele, kama mbuzi aliyekata kamba.
Yeye nyuma, akisikika kabla ya kuonekana:
sufuria kwa kikaango, buti kwa buti.
Usiku wa kwanza tulilala kibandani, kwenye vitanda vya mbao,
nami nikapiga mswaki, vidole vinne kinywani.

Jioni ya pili, kando ya ziwa
lisilo na mti hata wa kuegemea fimbo,
upepo ukaanza kuuliza maswali.
Nikafungua mfuko wa hema.
Turubai, lipo.
Fito, zipo.
Kamba, zote.
Mambo, hakuna.

Mambo kumi na mawili ya aluminiamu,
gramu mia moja na ishirini,
nimeyaandika daftarini kwa mkono wangu mwenyewe
na kuyaacha palepale yalipopimwa,
Bergen, jikoni, juu ya mizani.

Eldrid alicheka mpaka akakaa chini.
"Watu huja huku kusahau mambo," akasema,
"wewe umeyasahau kweli."

Tulijaribu mawe.
Mawe ya kule yamelambwa na barafu,
kamba huyateleza kama samaki.
Hema likaruka mara mbili; mara ya pili nilililalia.
Pembe moja tukaikandamiza kwa kikaango,
ya pili kwa begi lake, zima, halijafunguliwa.
Zikabaki mbili, za upande wa upepo.

Hakuniuliza.
Alizifungua buti, akazijaza kokoto hadi kwenye vifundo,
akafunga gidamu kwenye kamba za hema,
fundo juu ya fundo,
kama anayemfungia mtoto viatu vya shule.

Sikulala.
Utando wangu ulipiga kelele usiku kucha,
na kila upepo ulipovuta
nilisikia buti ikikwaruza changarawe,
hatua moja,
kisha ikasimama.
Hatua moja.
Ikasimama.

"Unasikia?" Eldrid akauliza gizani.
"Nasikia."

Asubuhi jiko langu liligoma kwa baridi.
Nililikumbatia ndani ya koti, kama kifaranga,
mpaka likakubali kuwaka,
tukala mayai yaliyoungua upande mmoja.
Eldrid akamwaga kokoto, akapangusa ukoga kwenye ngozi.
Gidamu moja ilikuwa imebaki uzi.

"Nipe moja," nikasema.
"Itakuharibia hesabu."
"Nipe ya kushoto."

Ilinigonga mgongoni njia nzima hadi stesheni.
Daftarini sikuiandika.