Robota la Kongowea

Nimelikata robota kabla ya adhana ya alfajiri,
waya ukaruka, ukanichana kidole gumba,
na Marekani ikamwagika juu ya turubai:
suruali, makoti ya baridi nisiyoijua,
soksi za mguu mmoja mmoja,
na fulana mbili za siasa.

Ya kwanza ya kijivu, kola imelegea.
Kifuani ndovu mdogo, mpole, kama wa kitabu cha chekechea,
na maneno niliyoyasoma polepole kwa tochi ya simu:
serikali ndogo, soko huru.
Ya pili nyekundu, bado ina harufu ya dukani.
Ndovu yule yule, ila huyu kakunja uso,
na maneno yake: kwetu kwanza, lango lifungwe.

Nikageuza kola. Zote mbili zina jina moja,
HASKELL, kwa kalamu ya wino usiotoka,
mwandiko mmoja, wa mama nadhani.
Basi ni nyumba moja.

Nawaona. Baba na mwana, meza moja, chakula kimepoa.
Baba anasema vita vile vilikuwa vya haki.
Mwana anasema wewe uliviona kwenye televisheni, mie vimenila goti.
Baba: ushuru ni kodi kwa jina la kupanga.
Mwana: kiwanda ulichokifanyia kazi kimeota majani, nani alikifunga?
Wewe si ndovu, wanaambiana,
wewe kifaru uliyejibandika mkonga.
Na mama, na kalamu yake, anakunja nguo za kugawa.

Nilipomsimulia Mwalimu Badi akatikisa kichwa:
wapiganapo ndovu wawili, nyasi ndizo...
Nikamkata. Wawili wapi, Mwalimu?
Huyu ni mmoja. Anajikanyaga mwenyewe.
Akacheka, akasema heri sisi wa Mombasa,
tuna pembe nne barabarani na zote za bati.

Lakini Umazi hakucheka.
Umazi wangu anatia zipu, Changamwe,
suruali mia tatu kwa zamu, zote za kwenda huko,
na wiki hii msimamizi kawapa siku tatu tu.
Ushuru, kasema, bado wanabishana.
Kaniuliza usiku, mgongo kanipa:
nimwombee nani, wa kijivu au mwekundu?

Nikataka kusema wa kijivu, ananunua zipu zako.
Kisha nikakumbuka cherehani ya marehemu baba pale Majengo,
ilivyoshika kutu mwaka robota za kwanza zilipoteremka Kilindini.
Soko lilikuwa huru. Baba ndiye hakuwa.
Na yule mwekundu, nimlaani vipi?
Mwaka jana, kulipozuka maneno ya vibanda,
mie nilitia sahihi ile karatasi:
waliotoka bara wasogezwe nyuma, karibu na jaa.
Mwandiko wangu mzuri, wala haukutetemeka.
Mutinda, aliyenilindia meza miaka sita,
siku hizi hupita bila salamu.

Sikumjibu Umazi. Nilijifanya nimelala.

Saa tatu ya kijivu imeondoka, shilingi themanini,
kaichukua Chengo wa bodaboda, kitambaa laini, kasema.
Nyekundu kaichukua mwenzake wa steji hiyo hiyo,
mia na hamsini, kwa kuwa yaonekana gizani.
Hawakusoma neno.
Nawaona kutoka hapa, wamekalia pikipiki moja,
wanamega mahamri, wanabishania abiria.

Kwenye turubai imebaki fagia.
Nimezitenga soksi, nazitafutia wenziwe,
na kidole bado kinavuja,
kimetia doa shati jeupe la mtu
ambalo nalo, nikigeuza kola...
Sigeuzi.