Kibao cha Sekibojo

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
Sekibojo aliuza kila kitu:
vocha, soda, betri, samli ya shemeji yake,
na kuziba pancha akipata nafasi.

Alfajiri moja kuli wa bandarini
alikosa zamu kwa pancha ya mia tano,
Sekibojo bado anahesabu chupa.
Hakugomba. Alikaa tu, kofia gotini.

Friji likauzwa wiki ileile.
Kibao kikaandikwa kwa rangi iliyobaki ya mlango:
HUCHELEWI KAZINI.

Sasa anafungua saa kumi usiku.
Vijana watatu, pampu mbili,
na tangu Machi, tawi Makorora.

Ukimwomba soda
anakuonyesha kwa kidevu duka la jirani;
vidole, vyeusi kwa grisi,
haviachi gurudumu.